Kubadilisha magurudumu ya baskeli isiyo na gia kwa gharama ndogo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu wa Zanzibar anayekwenda kazini kwa baskeli: Fuoni hadi mjini, Bububu hadi Malindi, au anayepanda na kushuka vilima vya Chake Chake. Baskeli yenyewe ni ya sproketi (duara la meno linalobeba cheni) moja mbele na moja nyuma, basi. Wenye baskeli za mashindano wana mambo yao. Msimamo wangu nautoa mapema: badilisha kilichokufa tu, na unaponunua, nunua saizi ambayo fundi wa mtaani kwako anaweza kuipatia tairi na spoki bila kungoja boti kutoka Dar es Salaam.

Gurudumu linayumba. Ndiyo limekufa?

Mara nyingi bado. Pindua baskeli isimame kwa siti na usukani, shika kijiti karibu na ringi, kisha lizungushe gurudumu polepole. Ringi ikienda kushoto na kulia, spoki zimelegea au kuna iliyokatika; hiyo ni kazi ya kukaza. Ikipanda na kushuka, imekula shimo, na hapo fundi anaweza kuipunguzia ila mara chache hairudi kama ilivyokuwa. Halafu shika ringi kwa mkono uitikise ubavuni. Gurudumu zima likicheza kwenye ekseli, tatizo liko kwenye habu, kitovu cha gurudumu: koni (nati zinazobana gololi) zimelegea au gololi zimekwisha, na ringi haina kosa lolote.

Ringi iliyokufa kweli huonekana kwa macho. Ina nyufa kwenye matundu ya spoki, au ukingo unaoshika tairi umefunguka, au kutu imeila mpaka ukiigonga inatoa unga. Ringi ya alumini iliyochoka kwa breki huwa imebonyea ubavuni. Pitisha kidole utausikia mfereji.

Fundi kaniambia ninunue gurudumu zima. Kweli?

Muulize kwa adabu kitu kimoja: "Fundi, kilichokufa ni kipi?" Fundi mzuri atakuonesha kwa kidole. Kwa mpango wa gharama, rahisi kuliko yote ni gololi na grisi, kisha spoki chache, kisha ringi peke yake, kisha gurudumu zima.

Lakini fundi huyo huenda akawa na haki. Ringi mpya, pamoja na spoki mpya 36 na ujira wa kuzisuka, inaweza kukaribia au hata kuipita bei ya gurudumu la Kichina lililokwisha kusukwa kiwandani. Kwa hiyo hesabu iende hivi: habu nzima na spoki nzima, badilisha ringi. Habu nzima lakini spoki zinakatika moja baada ya moja kwenye kona yake ya habuni, chuma kimechoka chote, usiendelee kutia moja moja. Habu nayo imekwisha, usihangaike, nunua zima.

Bei za shilingi siziandiki hapa, hubadilika kila mzigo mpya unapoingia. Uliza maduka matatu ya spea kabla ya kutoa pesa, na uulize ukiwa na kipande cha zamani mkononi. Mtu aliyebeba ringi mbovu haambiwi "hii itakuingia tu".

Saizi naijuaje? Mwenye duka ananiuliza "26 au 28" tu.

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea, basi tulia kidogo. "26" haikwambii kitu cha kutosha. Tazama ubavuni mwa tairi lako, ulifute vumbi na utafute namba mbili zenye kistari katikati, kama 37-590 au 50-559. Ya kwanza ni upana wa tairi. Ya pili, yenye tarakimu tatu, ni kipenyo cha ringi kwa milimita pale tairi linapokaa, na ndiyo inayoamua.

Baskeli kubwa nyeusi za kizee, Phoenix na jamaa zake, zenye 28 × 1½, huwa 635. Baskeli za kawaida za mtumba kutoka Japani zenye kikapu mbele huwa na 26 × 1⅜, yaani 590, au 27 × 1⅜, ambayo ni 609. Baskeli za mlimani zilizoandikwa 26 × 1.75 mpaka 26 × 2.125 ni 559. Nazo za kisasa zenye 700C ni 622.

Sasa linganisha. 26 ya Mjapani na 26 ya mlimani zimepishana milimita 31. Tairi la moja halikai kwenye ringi ya nyingine hata likilazimishwa kwa vyuma viwili na watu wawili. Na 28 ya kizee na 700C, ambayo wengine nayo huiita 28, zimepishana 13. Hizo ndizo zinazodanganya zaidi, kwa sababu kwa macho ziko sawa.

Tairi likiwa limefutika kabisa, tazama ringi yenyewe. Nyingi zimepigwa mhuri namba hiyo hiyo.

Naweza kuhamia saizi nyingine inayopatikana kwa urahisi?

Inategemea breki. Kama breki yako iko kwenye habu, iwe ya bendi (mkanda unaobana ngoma ya habu) au ile ya kurudisha pedeli nyuma, ringi ndogo haiathiri kitu ila baskeli itashuka kidogo na pedeli zitakaribia ardhi kwenye kona. Kama breki inabana ringi, angalia mpira wa breki unashuka kiasi gani kwenye mkono wake. Kutoka 635 kwenda 622 mpira unatakiwa ushuke milimita 6 na nusu, na breki nyingi zenye nafasi ya kurekebisha zinafika. Kutoka 590 kwenda 559 ni milimita 15 na nusu, na hapo usitegemee.

Mtu mwenye baskeli ya Japani ambaye breki ya mbele inabana ringi na ya nyuma ni ya bendi anaweza kutia 559 nyuma na kuacha 590 mbele. Haipendezi, lakini inakwenda, na matairi ya 559 yamejaa.

Baskeli yangu ni ile kubwa yenye breki za vyuma (za fimbo, si za waya). Nitie ringi ya alumini?

Usitie kabla ya kuitazama breki. Breki za vyuma hazibani ubavu wa ringi. Huvutwa juu zikagusa uso wa ndani, ule unaotazama habu, na ringi zake zimetengenezwa kwa umbo hilo: kingo mbili za mviringo na njia bapa ya breki pande zote mbili za matundu ya spoki. Ringi ya alumini ya kawaida haina njia hiyo. Ukiitia, viatu vya breki vitagonga spoki au havitashika kitu, nawe utajua hivyo daladala ikisimama mbele yako ghafla.

Kwa hiyo kuna njia mbili. Ama tafuta ringi ya chuma ya umbo lile lile, ambayo kwa kawaida ndiyo rahisi zaidi, ama hesabu na gharama ya breki mpya za waya, hendeli zake na tundu la kuzifungia kwenye foku. Kwa mtu anayebana matumizi, njia ya kwanza inashinda.

Chuma au alumini, basi, kwa sisi wengine?

Kama breki inabana ubavu wa ringi na uwezo upo, alumini. Sababu ya kwanza ni mvua: ringi ya chuma yenye kromu ikilowa wakati wa masika, mpira wa breki huteleza, na unahitaji nafasi ndefu zaidi kusimama. Sababu ya pili ni chumvi. Kromu ikichubuka mahali pamoja tu, kutu huingia chini yake na kutembea, na hewa ya pwani haina likizo. Alumini nayo hutoa unga mweupe penye nati za spoki, lakini huchukua muda.

Chuma kina sifa yake. Kikipinda kwenye shimo hugongwa kwa nyundo kikarudi, na alumini ukiigonga hivyo hupasuka. Mtu anayebeba majani ya ng'ombe, madumu ya maji au gunia la mkaa juu ya keria kila siku namshauri chuma nyuma, alumini mbele.

Spoki ngapi? Ringi niliyoipata ina matundu 36, habu yangu ina 40.

Haitaki. Matundu ya ringi na ya habu lazima yalingane. Baskeli za kizee huwa na 32 mbele na 40 nyuma. Nyingi za siku hizi ni 36 na 36, na za mtumba utakuta hata 28 mbele. Hesabu matundu mawili mawili kuanzia la vali, kisha hesabu tena. Ukiwa na habu ya 40 na ringi za 40 hazipatikani karibu, hiyo ni sababu halali ya kununua gurudumu zima la 36.

Unene nao: spoki za kawaida ni za milimita 2. Zipo nene zaidi kwa baskeli za mizigo, na nati zake ni zake. Ukichanganya, nati itazunguka bila kushika au haitaingia kabisa.

Naweza kuhamisha ringi mwenyewe?

Unaweza, na ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu huhitaji kujua kusuka gurudumu kutoka sifuri. Sharti ni moja: ringi mpya iwe na kipenyo kile kile, idadi ile ile ya matundu, na kina kinachokaribiana na cha zamani. Zikipishana kina kwa milimita moja au mbili, sawa. Ringi mpya ikiwa na kina kikubwa sana, spoki zitachomoza ndani na kutoboa tyubu. Ikiwa na kina kidogo sana, spoki hazitafika kwenye nati.

Toa tairi na tyubu. Tia tone la mafuta kwenye kila nati ya spoki uache usiku kucha, hasa kama baskeli imeishi pwani. Laza ringi mpya juu ya ya zamani, tundu la vali juu ya tundu la vali, na utazame tundu la kwanza upande wa kulia wa vali: kwenye ringi nyingi matundu yameegemea, moja kushoto, moja kulia. Yakiegemea sawa kwenye ringi zote mbili, vizuri. Yasipolingana, pindua ringi mpya utazame tena. Kisha zifunge pamoja kwa mpira wa tyubu kuukuu mahali pa tatu au nne.

Legeza spoki zote kwanza, nusu mzunguko kila moja, gurudumu zima, halafu tena, ili usiiache ringi ikivutwa upande mmoja. Anza spoki iliyo jirani na vali. Itoe kwenye ringi ya zamani, iingize kwenye tundu jirani la mpya, tia nati mizunguko michache tu. Nenda inayofuata. Usiruke, wala usiende kula ukiwa katikati bila kuweka alama. Ukimaliza, ringi ya zamani inajitenga yenyewe.

Sasa kaza. Ukitazama kutoka upande wa tairi, kuzungusha nati kulia ni kukaza. Kaza zote kwa kiasi kimoja mpaka zianze kushika, ndipo uanze kunyoosha: ringi ikienda kushoto mahali fulani, kaza za kulia hapo robo mzunguko na ulegeze za kushoto robo. Robo, si zaidi. Mwenye haraka huishia na ringi iliyopinda pande mbili. Zigonge spoki kwa kucha: za upande mmoja zikitoa sauti inayokaribiana, umefika. Mwisho chungulia ndani ya ringi. Spoki iliyochomoza juu ya nati ipige tupa.

Kama kunyoosha kunakushinda, mpelekee fundi likiwa limeshasukwa. Kunyoosha tu ni kazi ndogo kuliko kusuka, na ujira wake unatakiwa uwe mdogo vile vile.

Gurudumu jipya haliingii kwenye fremu. Nilazimishe?

Pima kabla ya kununua. Kinachopimwa ni nafasi kati ya kuta za ndani za fremu pale ekseli inapokaa, kisha kwenye gurudumu pima kutoka nati ya ndani hadi nati ya ndani. Mbele kipimo cha kawaida cha siku hizi ni milimita 100, ila foku za baskeli za kizee huwa finyu zaidi. Nyuma kwa baskeli isiyo na gia utakuta 110 mpaka 120, na magurudumu ya baskeli za mlimani hufika 130 na 135.

Pengo likibaki, jaza kwa washa (pete bapa za chuma), sawa sawa kila upande. Fremu ikibana milimita tatu nne na ni ya chuma, itafunguka kwa mkono bila madhara. Fremu ya alumini usiitanue kabisa. Na nati zibaki na ekseli yake: ekseli ya milimita 10 na ile ya inchi ⅜ zinafanana kwa macho lakini nyuzi zake mbalimbali, na nati iliyolazimishwa huila ekseli.

Nimepata gurudumu zuri la baskeli ya gia, la mtumba. Linafaa?

La mbele, bila wasiwasi, kama saizi na breki vinakubali. La nyuma linafaa pia kama ni la aina ya friwili ya kuzungushia (sproketi inayozunguka huru ukiacha kupiga pedeli, nayo hufungwa habuni kwa nyuzi), kwa sababu nyuzi zake kwa kawaida ni zile zile za friwili ya sproketi moja: utoe ile kubwa ya gia, utie ndogo. Zipo habu za kisasa ambazo sproketi zinaingia kwa mifereji. Hizo ziache, vifaa vyake vya ziada vitakula faida.

Shida ni kwamba gurudumu la gia limesukwa kwa kuegemea, kuacha nafasi ya sproketi nyingi. Ukitia moja, cheni itakwenda mshazari. Hamisha washa kutoka upande wa cheni kwenda upande wa pili, kisha uivute ringi irudi katikati kwa kulegeza spoki za cheni na kukaza za upande wa pili. Kazi ya saa moja kwa fundi anayejua. Cheni ya baskeli isiyo na gia, ile pana, itakaa juu ya sproketi nyembamba. Cheni nyembamba ya gia haitakaa juu ya sproketi pana.

Kwenye mtumba nitazame nini?

Shika ekseli kwa vidole viwili uizungushe. Ikikwaruza kama ina mchanga, huenda ni grisi kavu tu. Ikikwama na kuachia, kwama na kuachia, kikombe cha gololi ndani kimechimbika, na hicho hakitengenezeki kwa bei ya maana. Tazama pia macho ya habu ambamo spoki zinapita. Likiwa na ufa hata jicho moja, rudisha.

Kwa gurudumu la nyuma la baskeli ya Japani, hakikisha lina nyuzi pande zote mbili: kulia za friwili, kushoto za kikombe cha breki ya bendi. Lisilo na nyuzi kushoto litakuacha bila breki ya nyuma.

Friwili ya zamani niirudishe?

Irudishe kama meno hayajachongoka. Ila itoe kabla ya kukata au kulegeza spoki, hili nalisisitiza. Friwili hujikaza kila unapopiga pedeli, na njia ya kuitoa ni ufunguo wake kwenye jiliwa huku ukishika ringi kama usukani wa lori na kuizungusha kinyume cha saa. Spoki zikishakatwa huna cha kushika. Unapoirudisha, paka grisi kwenye nyuzi, nawe utajishukuru siku nyingine.

Cheni ipime kwa rula: hatua 24 kutoka pini hadi pini ni inchi 12 kamili zikiwa mpya. Zikizidi kwa thumni ya inchi, badilisha cheni na friwili pamoja, la sivyo ile mpya itaruka juu ya meno ya zamani.

Nibadilishe yote mawili kwa pamoja?

Hapana. La nyuma hubeba uzito zaidi na hufa mwanzo. La mbele lisubiri zamu yake.

Gololi za saizi gani?

Kwa kawaida nyuma ni za robo inchi, tisa kila upande. Mbele ni za 3/16, kumi kila upande. Hesabu ulizozitoa, na utie mpya zote, usichanganye na kuukuu. Kaza koni mpaka ekseli izunguke bila kucheza na bila kukwama. Nati ya nje ikishakazwa, jaribu tena, kwa sababu huisukuma koni kidogo. Kama unapita ufukweni maji yakiwa yametoka, Paje au Jambiani, suuza kwa maji yasiyo na chumvi jioni hiyo hiyo na ufungue habu upake grisi mara nyingi kuliko mtu wa mjini.

Niko Pemba na duka halina saizi yangu.

Usiagize kwa maneno. Mtumie anayekununulia Unguja picha ya namba ya tairi, idadi ya matundu, kipimo cha ekseli na aina ya breki, na umwambie alete spoki tano sita za akiba za urefu ule ule pamoja na nati zake. Ringi ifungwe ubavuni mwa mzigo, isilazwe chini ya magunia botini.

Baada ya kulifunga?

Tia mkanda wa mpira ndani ya ringi kufunika vichwa vya spoki kabla ya tyubu. Kipande cha tyubu kuukuu kilichokatwa kinatosha. Cheni iachwe na ulegevu wa sentimita moja hivi katikati. Baada ya siku chache za barabara, spoki zitakuwa zimekaa mahali pake na baadhi zitalegea, basi lirudishe kwa fundi alinyooshe. Fundi aliyelisuka kwa kawaida hatozi kwa hilo, ila afikianeni kabla hujamlipa.

La zamani nilitupe?

Spoki nzima na nati zake zihifadhi kwenye kopo lenye mafuta kidogo, na koni na ekseli pia kama hazijaliwa. Kilichobaki wapelekee wanunuzi wa vyuma chakavu. Habu na ringi za alumini zitenge na chuma kabla ya mizani, maana kilo yake ina bei zaidi na ukizichanganya utalipwa bei ya chuma.